Tepu Moja ya Matokeo

Jumatatu, 4 Machi
Mdomo wangu utaniua! Mkuu wa chumba cha kompyuta katuambia matokeo ya mtihani yapelekwe chuoni, na yako kwenye tepu moja tu. Miwani, mwenzangu ninayegombea naye unaibu, kaomba wiki. Eti kompyuta ya chuo ni ya aina nyingine, herufi zetu haizijui, lazima zigeuzwe kwanza. Nikadakia: mimi naipeleka kesho! Mkuu katabasamu. Mke wangu kanikumbusha mdogo wake yumo kwenye matokeo hayo. Akikosa nafasi chuoni, anahamia kwetu.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwisha! Fundi wa chuo kaniambia niitoe ile pete ya plastiki mgongoni mwa tepu. Ikiwepo, mashine inaweza kuandika juu ya kilichomo. Nikamjibu kwetu hatutoi. Ukweli, kabla ya leo hata sikujua ni ya nini. Mashine ikaisoma tepu, karatasi ikatoka nyota na mabano matupu, jina hata moja hakuna. Nikamsukuma kando, nikabonyeza kitufe mwenyewe. Tepu ikazunguka vizuri sana. Fundi akashika kichwa: nimefuta matokeo yote. Kauliza kama tuna nakala. Nikasema zipo tele. Uongo mtupu!

Alhamisi, 7 Machi
Jana na leo nimejitia mgonjwa. Gari likisimama nje, naingia uvunguni. Mke wangu kauliza natafuta nini huko. Ndala, nikasema. Naogopa, jamani, naogopa! Watoto wa watu wamekesha na vitabu, mimi nimewafuta kwa kidole. Lakini dawa nimeipata: nitasema Miwani alinipa tepu mbovu.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu katuita wote wawili. Kabla sijaanza kumsingizia, Miwani kasema Jumatatu jioni aliinakili ile tepu, maana ananijua. Kisha akageuza herufi bila kulala, na leo chuo wamesoma kila jina. Shemeji kapata nafasi! Nusura nilie. Badala yake nikasema ndivyo tulivyopanga. Miwani kanikata jicho.

Jumatatu, 11 Machi
Woga wote ule, bure! Leo hospitali wanataka tepu ya wagonjwa wao isomwe kwetu. Miwani kaomba wiki, mimi siku moja. Tepu ya kujaribia hakuna, basi nimechukua moja kabatini kwa Miwani, nikaifuta. Sasa hivi chuo wamepiga simu: tepu yao ya matokeo imekatika, wanaomba nakala aliyobaki nayo Miwani. Nimewaambia wasimsumbue, naileta mwenyewe. Kisha nimeigeuza ile niliyoifuta: ubavuni imeandikwa Matokeo.