Pasipoti Ndani ya Bitana

Jumatatu, 4 Mei
Siku ya kumi na tisa ya fungate. Wenye akili zao hukaa siku saba, tena ndani. Sisi, mimi fundi cherehani wa miaka hamsini na miwili na mke wangu mkunga mstaafu, tunazunguka nchi za watu na mabegi mgongoni. Dada yangu anasema ndoa ya utu uzima imetupanda kichwani. Mpango wetu? Asubuhi tunasali, mke wangu anatazama mawingu yanakoelekea, tunayafuata. Leo yameelekea mpakani. Ng'ambo kuna ziwa analoliota tangu usichana wake: maji meupe, mbingu imeyalalia kama shuka. Miaka thelathini amepokea watoto wa wenzake, hata usingizi hakushiba. Nimemwahidi ziwa. Mungu shahidi wangu.

Jumanne, 5 Mei
Nyumba ya wageni. Tumemkuta msafiri mwenye begi la zipu kumi na nne. Nimezihesabu! Amemwonyesha mke wangu pasipoti yake inavyokaa kwenye zipu ya tisa. Mke wangu akasema huyu ndiye mtu aliyejipanga. Mbele yangu! Mimi niliyeyashona mabegi yetu kwa mkono wangu! Zipu ni kumkaribisha mwizi, karibu ndugu, pita ndani. Mke wangu alipokwenda kuoga nikatoa sindano, nikazishonea pasipoti zetu ndani ya bitana. Mshono hauonekani hata na malaika. (Nisamehe, Mola. Malaika ataona.) Dirishani mawingu yalipita polepole, nikawa nashona huku nayatazama, moyo mwepesi kama pamba. Sijamwambia. Nitamshangaza.

Alhamisi, 7 Mei
Nimemshangaza.

Mpakani, afisa, mama mkavu kama chaki, alitaka pasipoti. Nikatabasamu, nikachomoa wembe. Afisa akarudi nyuma hatua mbili. Nikaeleza. Nikafumua kona ya kulia: pamba. Ya kushoto: pamba. Begi la pili: pamba, na kitana changu nilichomsingizia dada yangu! Huyo Zipu Kumi na Nne akapita, mhuri, kwaheri, akanipungia mkono. Basi la ng'ambo likawasha injini. Dereva akasema jingine ni baada ya siku nane, na kufikia hapo ukungu wa msimu utakuwa umelifunika ziwa lote. Afisa akauliza kama kweli mimi ni fundi. Nikamjibu kwamba fundi mbovu mshono wake ungeonekana.

Mke wangu hakufoka. Heri angefoka. Alitazama ile barabara ya ng'ambo, macho yakamlowa. "Baba, si ungeniambia tu?" Nikatamani ardhi inimeze na mabegi yangu.

Kisha akakunja mikono ya gauni. Akalilaza begi chali juu ya meza ya afisa, akafumba macho, akalipapasa kama tumbo la miezi tisa. Hata dereva akazima injini.

"Huyu hapa," akasema. "Katanguliza miguu. Halafu ni mapacha."

Akaomba mkasi. Zikatoka salama, moja baada ya nyingine. Afisa akacheka mpaka mhuri ukamdondoka. Njiani mke wangu akaniapisha: hakuna kumficha kitu tena. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Ijumaa, 8 Mei
Ziwa. Maji na mbingu vimeungana, mshono hauonekani. Mungu ndiye Fundi, sisi wengine tunaweka viraka tu. Mke wangu ameketi miguu majini, anacheka peke yake. Zipu Kumi na Nne yupo pia. Anatafuta funguo, hajui ziko zipu ipi. Nilijizuia kucheka. Kidogo.

Jumamosi, 9 Mei
Mke wangu amesinzia kivulini, koti lake pembeni. Mfukoni mna tiketi za kurudi nyumbani, ambazo dada yangu alitulazimisha kukata. Zinachungulia nje! Na upepo huu wa ziwa! Nimezishonea kwenye pindo la koti, uzi mwembamba kuliko wa juzi. Kiapo nakikumbuka, lakini kuficha ni pale mtu asipoacha maelezo. Mimi safari hii nimeandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, mahali penyewe zilipo. Na karatasi nimeishonea humohumo, pamoja na tiketi, isije ikapotea.