Kigae cha Kirumi Kwenye Mtaro wa Aldersley

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Asante, mvua! Viwanja vya kasri la Aldersley vimegeuka bwawa, na leo wameanza kuchimba mtaro wa kuondoa maji. Sheria inataka mtaalamu wa mambo ya kale asimame kando, akodolee macho kila katapila linapokwaruza. Anaitwa Tamsin. Miaka mingi nimeandika, nimebishana, nimetolewa mikutanoni: hapa palikuwa na nyumba ya Warumi! Ijumaa mtaro unafukiwa. Mtaro usipotoa kitu cha Kirumi, Beryl Thackwray, mwenyekiti wa chama chetu cha historia, ataandika kwenye kibao kipya cha langoni kwamba hapa palikuwa malisho ya kondoo. Kondoo!

Jumanne, 4 Machi
Udongo. Mizizi. Udongo. Beryl akapita na mbwa wake, akaniuliza kama Kaisari wangu ameshafika au bado yuko kwenye foleni ya basi. Katili! Tamsin akanimiminia chai, akanipa na biskuti. Mungu ambariki. Nimeamua kumsaidia. Marehemu mjomba aliniachia kigae halisi cha Kirumi. Asante, mjomba!

Jumatano, 5 Machi
Walipokwenda kula nikaruka uzio, nikakichomeka kigae ubavuni mwa mtaro. Udongo laini ajabu! Shukrani kwa udongo. Buti moja limenasa humo.

Alhamisi, 6 Machi
Tamsin kakiona! Katapila likazimwa. Moyo wangu! Akachokonoa chini yake kwa mwiko wa chuma, polepole. Akatoa pakiti tupu ya plastiki ya krispi za viazi. Kumbe pale palishachimbwa zamani kupitisha bomba, wakarudishia udongo. Ndiyo maana ulikuwa laini. Desmond, dereva wa katapila, akasema kumbe Warumi nao walipenda krispi za siki.

Tamsin akanivuta kando. Akanirudishia kigae. Na buti. Akasema, mzee wangu, unataka nifukuzwe kazi? Akanieleza kwa upole: kilichoko chini ndicho kilichotangulia, cha juu kikafuata. Hatamwambia mtu. Nusura nilie.

Ijumaa, 7 Machi
Mtaro umefukiwa. Kibao kitasema kondoo. Nimempelekea Tamsin keki ya limau, nikamshukuru kwa moyo wote: hakuna mtaalamu aliyewahi kunifundisha bila kunifokea. Somo limeniingia barabara. Kosa langu lilikuwa kina: kigae kilikaa juu mno.

Mwezi ujao wanachimba uwanja wa kanisa. Nimeshanunua koleo refu.