Kipanya Ambacho Kidole Moto Hakukigusa

Sogeeni, enyi mliopinda migongo mbele ya kompyuta, nanyi mnaosubiri ukurasa ufunguke hata chai ikapoa! Tegeni masikio niwasimulie vita vya Kidole Moto, mwandishi wa programu, mwua hitilafu, mwenye makombo ya mkate kwenye kibodi, aliyepigana na mikono yake mwenyewe.

Shujaa huyu aliandika programu miaka nenda miaka rudi pasipo kumwona hata mtu mmoja akizitumia, na jambo hilo likamkereketa. Akaomba kuhamia kwa wachambuzi wa bidhaa, kabila la watu wawatazamao watumiaji na kuwauliza "kwa nini" hata muulizwa akatamani kutoroka. Mkewe alicheka sana, kwa maana nyumbani Kidole Moto humpokonya rimoti kabla hajasema anatafuta nini.

Mkuu wa wachambuzi, mama mpole wa sura na mkali wa masharti, akampeleka kliniki ya meno, kwa dada wa mapokezi aliyetumia programu ya Kidole Moto huyu huyu. Mlangoni akanena, "Ewe fundi, utakaa, utatazama, wala hutamwelekeza. Ukigusa kipanya chake, rudi ulikotoka, na ombi lako lizikwe hapo hapo."

Vita vikaanza. Dada akajaza jina la mgonjwa, akajaza saa ya miadi, akatafuta pa kuhifadhi. Lahaula! Kitufe kilikuwa chini kabisa ya ukurasa, nje ya kioo, alikokisukumia Kidole Moto kwa kuwa juu kiliharibu urembo. Dada akabofya nembo. Akabofya picha ya jino. Mkono wa kulia wa shujaa ukainuka kwa uasi, akaukamata, akaukalia. Wa kushoto ukafuata njia ya mwenzake, akaukalia nao. Jasho likamtiririka, akaugulia chini kwa chini, na mgonjwa mmoja mwenye shavu lililovimba akasogeza kiti chake karibu naye kwa huruma, akidhani jino linamuuma.

Dada akafuta yote, akaanza upya. Neno "shuka chini" lilimfika Kidole Moto ulimini; akalimeza, likapita kwa shida.

"Dada," akauliza, "ulitegemea nini kitokee?"

"Ihifadhi tu, kaka yangu. Huwa nahangaika hivi mpaka mwenzangu aje anisaidie. Nilijua ni mimi tu, kompyuta hazinipendi."

Maneno hayo yalimuuma kweli, akaona haya mpaka masikioni. Miaka yote ile hakuna hitilafu iliyowahi kumwambia jambo kama hilo.

Mkuu akamwonyesha dada kitufe, kisha akamgeukia shujaa, akamwambia Jumatatu aje akae upande wao, akamnyooshea mkono wa pongezi.

Na vizazi vikumbuke kwamba Kidole Moto, mshindi wa kliniki ya meno, alikipokea cheo chake kwa kuinamisha kichwa, maana mikono yote miwili ilikuwa imekufa ganzi chini ya makalio.