Mifarishi Saba na Eda ya Bi Zinati

Jumatatu, 8 Januari 1912
Joto. Kaskazi inavuma na mimi nimeketi na mfarishi magotini kama mwenye homa. Lakini sina budi.

Bhikhubhai mwenye duka la nguo amemaliza nyumba ya wasafiri nyuma ya soko, ili watu wa mashamba ya Ganda na Sabaki waletao mazao wasilale barazani. Vitanda saba vya kamba, vitupu. Ametangaza dukani kwamba mwanamke atakayetoa sadaka ya mifarishi saba ya kutandika, ya vitambaa vilivyojazwa pamba ya msufi, aliyoishona mwenyewe, ndiye atakayeshika ufunguo wa nyumba na kukaa katika chumba cha mbele. Nyumba itafunguliwa mwisho wa Machi, kabla ya masika.

Chumba hicho kina dirisha la njiani na mlango wake peke yake. Ni changu. Naishi kwa mwanangu Athmani, yaani naishi kwa mkewe, Mwanakheri. Leo ameuhamisha tena mtungi wangu. Asema unazuia njia. Njia ya nani, hakusema.

Jumamosi, 13 Januari
Nimekwenda kwa Manilal, fundi cherehani, kuomba vipande vinavyobaki. Alinipa kaniki nyeusi tupu. Nikamwambia kwamba ni sadaka. Akajibu kwamba sadaka ni yangu, mkasi ni wake. Baada ya mabishano marefu amekubali kunipa gunia zima, bafta nyeupe, doria nyepesi na bandera nyekundu, kwa sharti moja: nisimsahihishe tena Kiswahili chake mbele ya wateja.

Nimekubali. Hii peke yake ni sadaka kubwa.

Jumatano, 17 Januari
Mfarishi wa kwanza umekwisha. Sufi nimeletewa na Kavumbi, mama wa Ganda anayeuza mihogo karibu na msikiti. Ilikuwa na mbegu. Kuzichambua ni kazi ya wiki nzima, kwa hiyo nimeishindilia kama ilivyo. Mwanakheri akauliza kama ni mfarishi au ni gunia la mihogo. Vidole vimevimba, uzi siuoni, na bado sita.

Ijumaa, 19 Januari
Nimepata njia.

Jirani yetu Bi Zinati yumo katika eda. Mumewe, marehemu Shee, alifia Lamu. Hatoki, hajipambi, hana kazi ila kutazama ukuta. Na katika mtaa huu hakuna mkono kama wake; kofia alizomshonea Shee watu walikuwa wakisimama njiani kuzitazama. Mkono kama huo kukaa bure ni israfu.

Nikaenda. Baada ya kumwombea marehemu rehema nikamwambia: mwanangu, shona mifarishi ya sadaka, na kila uchomapo sindano weka nia kwamba thawabu zimfikie Shee. Akalia, akanibusu mkono. Nami nililia kidogo, ilipasa.

Hesabu pia nimeifanya. Matanga tulikaa mwanzoni mwa Desemba. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Basi hatoki kabla ya Aprili, na nyumba itafunguliwa Machi. Atakuwa ndani, mifarishi itakuwa nje, nami nitakuwa kati.

Jumanne, 30 Januari
Mfarishi wa kwanza wa Bi Zinati umenyooka kama maji ya mtungini. Shida ni kwamba yeye hatoki, kwa hiyo nitokaye ni mimi. Uzi mweupe. Bandera zaidi. Sindano nyembamba. Sufi, akairudisha nikaichambue mbegu. Na kwa kuwa mtoto aliyekuwa akimtekea maji amekwenda Mambrui, namtekea mimi.

Wanawake kisimani wakasema, tazameni Bi Mwanatumu anavyomtunza mjane. Hilo sikuwa nimelipanga. Nimelipokea.

Bi Zinati aliuliza kama vipande vyekundu mapajani mwake vinahesabiwa kuwa pambo. Nikamtolea fatwa papo hapo: kushona si kuvaa. Akasema kuna jambo jingine la eda angependa kumpelekea kadhi. Nikamwambia hana haja ya kadhi, marehemu babangu alinisomesha fikihi na nahau pamoja, na mimi nipo. Akarudi kwenye sindano yake kwa adabu.

Jumapili, 25 Februari
Minne tayari. Yeye amenawiri kwa kukaa kivulini. Mimi mgongo umepinda kwa ndoo. Athmani akauliza kwa nini mamake anakonda. Mwanakheri akamjibu kwamba ni ibada. Sikupenda sauti yake. Siku hizi naye huingia kwa Bi Zinati kila asubuhi, eti kumjulia hali.

Bi Zinati ameuona mfarishi wangu. Aliupapasa, kisha akaniomba kwa upole niuache aufumue na kuushona upya. Nimekataa. Lazima mmoja uwe wangu, nisije nikasema uongo.

Jumatano, 20 Machi
Sita imekwisha. Nimeihamishia kwangu adhuhuri, watu wamelala. Bi Zinati akasema, "Bi Mkubwa, umenibebea mzigo wa marehemu. Mungu atakulipa." Nikaitikia amina.

Kisha nikaenda kumwarifu Bhikhubhai kwamba saba iko tayari. Akauliza, "Mama, yote wewe peke yako?" Nikamnyoshea mikono nikamwambia, vidole ndivyo hivi. Ni kweli tupu. Asemaye si kweli na aoneshe kosa.

Alhamisi, 28 Machi
Siku ya ufunguzi. Naandika nikiwa na kichwa kizito.

Watu walijaa. Chanchalben, mke wa Bhikhubhai, alitandika mwenyewe. Kwao wanawake hushona mifarishi tangu utoto, na hilo sikulijua. Akapitisha kiganja juu ya kila mmoja, akasema, "Hii sita mkono moja. Hii moja mkono ingine." Ngeli nilimsamehe. Nikaeleza kwamba ule mmoja niliushona nikiwa na homa.

Kavumbi akaombwa alale kwanza, kwa niaba ya watu wa Ganda. Akajilaza juu ya wangu. Akainuka akishika mbavu. "Mama, humu umetia sufi niliyokuletea, au mahindi?" Wakacheka, hata Manilal.

Hata hivyo Bhikhubhai alikwisha kuutoa ufunguo mfukoni. Mkono wangu ulikuwa umenyoshwa. Ndipo akaingia Bi Zinati. Buibui jipya, wanja machoni, harufu ya udi mpaka mlangoni, na Mwanakheri nyuma yake.

Nikamwambia mbele ya wote arudi ndani, eda haijaisha. Akanijibu kwa sauti ndogo: "Samahani, Bi Mkubwa. Kadhi amesema eda huhesabiwa tangu siku ya mauti, si siku ya kufika habari. Shee alikuwa kaburini wiki tatu kabla ya sisi kuarifiwa. Yangu imekwisha juzi." Swali, kumbe, alilipeleka Mwanakheri.

Kisha akaigusa mifarishi, mmoja baada ya mmoja, akimwombea Shee. Akawasimulia watu kila kitu: jinsi nilivyomwendea, nilivyomfundisha nia, nilivyomchambulia sufi, nilivyomtekea maji. Hakusema neno moja baya. Laiti angenitukana. Kila sifa aliyonipa iliusogeza ufunguo upande wake.

Bhikhubhai akavitazama vidole vyangu. Akampa Bi Zinati ufunguo, na mfarishi wa saba ataushona akiwa humo chumbani. Wangu Chanchalben aliukunja vizuri, akanikabidhi, akaniomba niutoe mbegu.

Njiani Mwanakheri alinibebea mfarishi. Akasema, "Pole, mama." Ni afadhali angehamisha mtungi.

Jumanne, 2 Aprili
Nimetulia na kulipima jambo hili kwa haki. Njia yenyewe ilikuwa sahihi. Kosa ni la hesabu tu, na hesabu husahihishwa.

Bhikhubhai amefurahishwa na sifa za watu. Asema atajenga nyumba ya pili ya wasafiri huko kivukoni Sabaki. Vitanda kumi, na mshika ufunguo wake.

Na leo mchuuzi wa samaki ameleta habari za msiba Dabaso: Bwana Lali amefariki, Mungu amrehemu. Ameacha wajane wawili, na wote wawili, kwa maelezo yake, ni mafundi wa sindano.

Nilimwuliza jambo moja tu, amekufa siku gani hasa. Akasema jana, baada ya alasiri. Nimeandika. Kesho alfajiri naondoka kwenda kuwahani wafiwa, na gunia la vipande nimekwisha kulifunga.