Malalamiko Dhidi ya Mganga Aliyesema Nakosa Hewa

Maore, Oktoba 1951

Kwa Bwana Mganga Mkuu wa Wilaya, Same.

Bwana Mkubwa,

Baada ya heshima na salamu, mimi Eliezeri, mkulima wa Maore, naomba Mganga Isihaka wa zahanati yetu ahamishiwe Chome, kwenye baridi, labda huko atapunguza maneno.

Ilikuwa hivi. Mke wangu Priska aliloweka muhogo mchungu. Njaa haikuniruhusu kungoja. Nikatwaa mmoja ambao haujalowekwa, nikauchoma nusunusu, nikala. Punde kichwa kikazunguka, nikaanguka mlangoni. Wakanibeba kwa machela.

Kwanza, Isihaka alimwambia Priska, "Mama, mwili wa mzee unakosa hewa." Bwana, nilikuwa nahema kama mivukuto ya mhunzi! Akasema hewa inaingia na damu inaibeba vizuri, ila sumu ya muhogo, sianidi, imekamata chuma kilichomo ndani ya chembe za mwili, pale hewa inapotumika kuunguza chakula tupate nguvu. Priska akapiga yowe, na majirani wakaja kunitazama sina shati.

Pili, alinitoa damu, ikawa nyekundu ya kung'aa. Nikafurahi. Akasema hiyo ndiyo dalili mbaya: hewa imerudi bila kutumiwa. Sasa mtu awe na damu ya namna gani ndipo asifiwe?

Tatu, alinidunga dawa ya kuibadili damu yangu, eti sumu iziache chembe iifuate damu. Kisha dawa nyingine ya kuigeuza sumu niikojoe. Hakuniomba ruhusa. Kufikia hapo nilikuwa nimeshazimia, kweli, lakini angengoja.

Basi, kwa kuwa nimepona, ni wazi sikuwa mgonjwa. Kama sikuwa mgonjwa, muhogo hauna sumu, na kuuloweka ni kuwachosha akina mama bure. Serikali itangaze hivyo hadi Vudee.

Uwasalimie wauguzi, makarani na mpishi wako.

Ni mimi, mwenye afya tele,
Eliezeri

Nyongeza: Nimemsomea shemeji yangu Naftali barua hii. Ameona ina akili nyingi, akaenda kuchoma muhogo, akala. Isihaka yuko naye sasa. Naftali ameanza kututukana, jambo linalotupa matumaini. Tafadhali, Mganga asihamishwe popote. Na kama dawa ya sindano ipo hapo Same, mpe huyu aliyeleta barua, arudi mbio.