Mbilimbi na Robota la Marekani

Mti wa mbilimbi uliokuwa uani kwa Seifu ulimlisha kuliko kazi zote alizowahi kufukuzwa. Matunda aliyachemsha na sukari akauza dawa ya kikohozi; majani aliyatwanga kwa wenye kujikuna; na maji yake makali yaling'arisha visu na kuondoa kutu kwenye nguo nyeupe. Yote hayo ni kweli, na kila bibi wa pwani anayajua. Ujanja wa Seifu ulikuwa kuyatia chupani na kuyaita dawa ya Bombei.

Asubuhi moja alikuwa akipita Kariakoo juu ya baiskeli yake, mali pekee aliyokuwa nayo, na tegemeo lake la kutorokea kila wateja walipozinduka. Mbele ya duka la Bi Mauza akaona robota la kitambaa cheupe cha marekani. Mikanda yake ya chuma imeshika kutu, na kitambaa kimejaa madoa ya kahawia. Moyo ukamruka. Kutu! Ndoo mbili za mbilimbi tu, na robota zima litakuwa jipya.

"Shikamoo, Bi Mauza. Pole na msiba."

"Marahaba. Msiba gani tena?"

"Huu hapa!" Seifu alipaza sauti mpaka wapita njia wakasimama. "Mimi ni fundi wa madoa. Haya hayatoki, wallahi, mpaka kiama!"

"Ole wangu! Una hakika, mwanangu?"

"Hawa wote mashahidi. Lakini nakuonea huruma, nitalichukua niuze matambara. Ila fedha sina."

"Baiskeli unayo."

Seifu akaitazama baiskeli yake. Kisha akaziona akilini kanzu za Idi zikishonwa kwa kitambaa kile, na yeye akiendesha baiskeli mpya. Akashuka.

Jioni alirudi kwa miguu, kipande cha marekani begani, vidole vimechunika.

"Bi Mauza! Mti mzima nimeumaliza, madoa yako palepale. Hii si kutu!"

"Nani alisema kutu? Mabibo ya mkorosho yalilivujia ghalani. Maji ya bibo yakishaingia nguoni, ndiyo basi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimfundishe kazi fundi, mbele za watu?"

Duka zima likaangua kicheko. Seifu akaikodolea macho baiskeli yake, imeegemezwa ukutani.

"Basi niuzie, mama yangu. Bila hiyo nimekwisha."

"Haya. Utanipa nini?"

Seifu akashusha kitambaa begani taratibu.

"Chochote," alisema Bi Mauza, akigusa kengele ya baiskeli kwa kidole, "isipokuwa hicho. Fundi ameniapia hakitakati mpaka kiama."