Bata Bukini Wanampendea Nini Onodera?

Jumatatu, 21 Oktoba
Wamefika! Bata bukini kutoka Siberia, kelele angani tangu alfajiri. Na wametua wapi? Kwa Onodera. Kama mwaka jana. Kama mwaka juzi! Majaruba yetu yamepakana, mbegu ya mpunga ni moja, mfereji wa maji ni mmoja. Wanampendea nini?

Miaka yote mimi na mke wangu Sawako huenda kuwatazama kwenye tuta lake. Safari hii Sawako kateleza, kavunjika mguu, umefungwa plasta, na dirisha la jikoni linaonyesha jaruba letu peke yake. Anawasikia, hawaoni. Leo kaacha supu ya miso ipoe akiwasikiliza. Roho imeniuma. Nimemwapia kwamba kabla ya Jumapili atawaona hapo hapo dirishani. Akauliza nitawaitaje, kwa simu?

Jumanne, 22 Oktoba
Nimejilaza mferejini asubuhi nzima kumpeleleza Onodera. Hana siri! Kasimama kwenye tuta, kakohoa, kajikuna mgongo, kaenda zake. Bata wanakula karibu na miguu yake, hawana habari naye. Mimi nimepiga chafya moja tu, kundi zima likaruka!

Na si kwamba shamba lake ni zuri. Ni aibu! Mashine yake ya kuvunia ni ya zamani, inamwaga punje ovyo kila mahali. Yangu mpya haiachi hata moja, na baada yake napita na ufagio. Hapa kwetu Tome kila mtu analijua hilo. Sasa bata wanafuata nini kule?

Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Jibu ni moja. Wanamfuata yeye mwenyewe. Wameizoea sura yake!

Jumatano, 23 Oktoba
Nimemtengeneza Onodera. Mabua, magunia, mti mmoja wa kumsimamisha jarubani kwangu. Koti lake la bluu na kofia nimeviazima kwenye kamba yao ya nguo. Hawakuwepo, ningemwomba nani? Kafanana naye hasa. Nimejikuta namsalimia.

Ijumaa, 25 Oktoba
Balaa! Upepo umempinda Onodera wangu. Tangu asubuhi kainama kuelekea mlangoni kwangu, kainama mpaka kiunoni, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa kubwa. Mtaa mzima umeona. Bi Mitsue, mkewe Onodera, kaja mbio, pumzi juu, ananisihi nimsamehe mumewe kwa lolote alilofanya, mzee wa watu atapata baridi. Akageuka. Mumewe wa kweli alikuwa nyuma yake, anatafuna achari ya figili.

Onodera kaizunguka sanamu, kaitazama weee. Kasema tumbo nimelizidisha. Nilitaka kusingizia maonyesho ya sanamu za shambani, lakini Sawako kapaza sauti kutoka dirishani, kamwaga kila kitu, bata, kiapo, kulala mferejini, vyote! Nilitamani ardhi inimeze. Onodera kaenda zake. Koti kaniachia.

Jumamosi, 26 Oktoba
Nimegundua kinachokosekana. Kikohozi! Nimekwenda mjini kutafuta redio ya kurekodi sauti. Narudi, nasikia kelele. Jaruba langu halionekani kwa wingi wa bata! Shingo tupu, mabawa tupu. Sawako yuko dirishani anacheka na kulia kwa pamoja. Kanishika mkono, hakuuachia. Hata chakula cha mchana tumekisahau.

Jumapili, 27 Oktoba
Onodera kaja kunywa chai. Kaniambia, jirani, hawa ndege wanafuata tumbo. Shamba umelifagia kama sebule, watakula nini, ufagio? Eti jana nilipokuwa mjini kanimwagia magunia ya punje mbovu. Sawako akaapa kwamba kamwona kwa macho yake.

Nikaitikia. Nikamshukuru, nikamwongeza chai. Masikini! Anadhani ni punje. Mtu akipendwa hivyo, mwenyewe hajui.

Jioni bata waliporudi ziwani kulala, nimezizoa punje zake zote zilizobaki, maana zilikuwa zinanitia aibu. Shamba linang'aa. Kesho asubuhi namsimamisha Onodera wa pili, na Sawako nimemwambia asogeze kiti dirishani mapema.